Utelezi Ulioijenga Moshi

Tuanze na hesabu ya mtu mmoja. Mpagazi wa karne ya 19 alibeba mzigo wa kilo 25 hadi 30, na kwa siku alitembea kilomita 20 hivi, ikiwa mito haijafurika na hakuna aliyeugua. Kutoka Rau, chini ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, hadi bandari ya Tanga ni kama kilomita 350 kwa njia ambayo leo reli inaifuata. Hizo ni siku 17 au 18 za mguu. Mtu anayetembea na mzigo namna hiyo anakula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Kwenda tu amekwishakula kilo 17, na kurudi anahitaji 17 nyingine.

Sasa mpe abebe mahindi. Akila kutoka kwenye mzigo wake mwenyewe, atafika Tanga na kilo 13 kati ya 30, nazo hazimtoshi hata kurudi nyumbani. Kwa hiyo biashara ya mahindi kati ya mlima na pwani haikuwepo, na isingekuwepo hata kama wafanyabiashara wote wangekuwa werevu na njia yote ingekuwa na amani. Pembe za ndovu zilikwenda, kwa sababu thamani ya kilo 30 za pembe ilitosha kumlisha mpagazi na bado faida ikabaki. Kutoka pwani zikapanda nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Ndizi za vihambani, yaani mashamba yanayozunguka nyumba za Wachagga, pamoja na wingi wake wote, hazikuvuka soko ambalo mama aliweza kulifikia na kurudi siku hiyohiyo.

Wanyama wa kukokota wangesaidia, lakini mbung'o na magonjwa ya mifugo ya nyika viliwaua kabla hawajafika mbali. Kichwa cha binadamu kikabaki ndicho chombo cha usafiri.

Kabla ya kuileta treni, tujiulize: zile kilo 34 za nafaka zimekwenda wapi? Fizikia ina jibu linaloshangaza kidogo. Kusogeza mzigo kwenye ardhi tambarare, kwa kanuni, hakugharimu nguvu yoyote. Kitu kilichokwisha kuanza kwenda kinaendelea kwenda mpaka kizuiwe. Hilo Newton alilieleza tangu karne ya 17. Kinachogharimu ni kuinua na kushinda vizuizi. Mpagazi anainua mwili wake na mzigo wake kidogo katika kila hatua, kisha anaushusha, na nguvu aliyotumia kuinua hairudi. Fanya hivyo maelfu ya mara kwa siku, kilo moja ya nafaka imekwisha, na mzigo wenyewe haujapanda popote.

Gurudumu linaondoa kazi hiyo ya kuinua na kushusha. Lakini nalo lina gharama yake, na hapo ndipo penye somo lote. Sukuma mkokoteni uliojaa mpunga kwenye tope la mashamba ya Rau, halafu uusukume kwenye lami. Mzigo ni uleule na magurudumu ni yaleyale. Kwenye tope gurudumu linazama, linaikandamiza ardhi mbele yake, na ardhi haimrudishii msukumaji chochote. Kila hatua linachimba shimo jipya na kujaribu kutoka ndani yake. Kwenye lami shimo halionekani, ila mpira wa tairi wenyewe unabonyea unapogusa chini, unapanuka unapoachia, na katika kubonyea na kupanuka huko nguvu kidogo inapotea na kuwa joto. Ndiyo maana tairi la lori lililotoka safari ndefu ni la moto.

Chuma nacho kinabonyea. Gurudumu la behewa na reli iliyo chini yake hugusana kwenye sehemu ndogo, kama upana wa kucha ya kidole gumba, na tani kadhaa zinakaa juu ya kucha hiyo. Tofauti ni kwamba chuma kinarudi mahali pake kikiwa kimerudisha karibu nguvu yote. Ushahidi upo katika shule nyingi za nchi hii, ambako kengele ni kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Ukikigonga kinalia kwa muda mrefu, kwa sababu nguvu ya pigo inazunguka humo bila kupotea upesi. Tundika tairi, uligonge vilevile. Litatoa mlio mfupi na mzito, basi. Sifa inayokifanya kipande kile kiwaite watoto darasani ndiyo inayolifanya behewa liende kwa msukumo mdogo.

Tuweke tarakimu. Kuikokota tani moja kwenye tope kunaweza kudai nguvu sawa na uzito wa kilo 100 au zaidi. Kwenye lami, kwa tairi za lori, ni kama kilo 10. Kwenye reli tambarare ni kati ya kilo 2 na 5, kutegemea ubora wa magurudumu na njia. Chukua treni ya mabehewa 10, kila moja limebeba tani 15. Huo ni mzigo wa wapagazi 5,000. Ukiongeza uzito wa mabehewa yenyewe, tuseme tani 80, nguvu ya kuivuta treni nzima kwenye tambarare ni kama tani moja na kidogo tu. Na hata ikijikokota kwa kilomita 25 kwa saa, Tanga hadi Moshi ni saa 14, pale ambapo msafara ulihitaji zaidi ya nusu mwezi.

Wajerumani walianza kuijenga reli hii Tanga mwaka 1893. Walikwenda polepole kwa namna ya kuchekesha: kampuni iliyoanzisha kazi iliishiwa fedha, serikali ya Ujerumani ikaichukua njia mwaka 1899, na treni ikafika Korogwe mwaka 1902. Wakati huohuo Waingereza walianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu, Ziwa Victoria, mwaka 1901. Kwa miaka kadhaa bidhaa za Kilimanjaro, eneo la Wajerumani, zilipitia Taveta kwenda kupanda reli ya Waingereza huko Voi. Mombo ilifikiwa mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911. Kilomita 352, miaka 18.

Sasa utazame mlima. Kilimanjaro yote ya wakati ule, kwa maana ya watu, ilikuwa juu. Wachagga waliishi kwenye vihamba vyao penye ubaridi, migomba na mifongo (mifereji ya maji), na huku chini kwenye joto na mbu walishuka kulima mazao ya msimu kisha wakapanda kulala kwao. Wajerumani wenyewe waliweka boma lao Old Moshi, huko juu, na huko ndiko walikomnyonga Mangi Meli, mtawala wa hapo, mwaka 1900. Kama reli ilikuja kwa ajili ya mlima, ingetakiwa ipande Old Moshi. Kwa mguu ni mwendo wa asubuhi moja. Haikupanda, na sababu yake haimo katika siasa wala katika fedha peke yake. Imo katika ile kucha ya kidole gumba.

Chuma juu ya chuma hakipotezi nguvu, lakini pia hakishiki. Utelezi unaomsaidia mvutaji ni uleule unaomnyima mahali pa kukanyaga. Injini haiivuti treni kwa nguvu za mvuke tu. Inaivuta kwa mshiko wa magurudumu yake kwenye reli. Reli ikiwa kavu, mshiko ni kama robo ya uzito unaokalia magurudumu yanayozungushwa. Injini ya tani 40 inaweza kuvuta kwa nguvu ya tani 10. Ukizidisha mvuke, magurudumu yatazunguka palepale yakitoa cheche. Kwenye tambarare, kwa kilo 5 kwa kila tani, tani 10 za mvuto zinatosha, kwa hesabu ya karatasi, kwa treni ya tani 2,000.

Weka kilima kidogo cha mita 10 kwa kila kilomita, kilima ambacho mwendesha baiskeli wa Rau hatakilalamikia. Sasa kila tani inadai kilo 10 zaidi, kwa sababu sehemu ya mia moja ya uzito wake inavuta kurudi nyuma. Jumla ni kilo 15, na treni yetu imeshuka kutoka tani 2,000 hadi 660. Weka mteremko wa mita 50 kwa kilomita, ambao kwa njia za mlimani ni jambo la kawaida kabisa. Kila tani inadai kilo 55, na treni ni tani 180, injini ikiwemo. Halafu mvua za masika zinyeshe. Reli ikilowa, au ikifunikwa na majani yaliyooza, mshiko unaweza kushuka hadi sehemu ya kumi ya uzito. Injini ya tani 40 inabaki na mvuto wa tani 4, na treni nzima haiwezi kuzidi tani 70 na kidogo. Ondoa injini yenyewe: umebakiwa na mabehewa mawili ambayo hayajajaa. Ndiyo maana injini za treni hubeba mchanga mkavu na kuunyunyiza mbele ya magurudumu. Mchanga husaidia, lakini hauwezi kuibeba reli hadi vihambani.

Kuna njia za kuukwepa utelezi huo. Waswisi walikuwa na treni ya kupanda mlima Rigi tangu mwaka 1871, yenye gurudumu la meno linalotafuna reli ya meno katikati. Karibu zaidi na kwetu, mbao za Shume katika milima ya Usambara zilishushwa enzi za Wajerumani kwa nyaya za chuma zilizoning'inia hewani hadi stesheni ya Mkumbara. Lakini vitu hivyo ni vya ghali na vya polepole. Kwa treni ya kawaida, mjenzi anatafuta njia iliyolala. Moshi iko kama mita 800 juu ya bahari. Ukigawa kwa kilomita 352 unapata wastani wa mita 2 na kidogo kwa kila kilomita, ingawa njiani kuna vilima vyake. Reli ilipita chini ya Usambara, ikapita chini ya Upare, Same na Lembeni, ikafika Kahe, ikasogea mpaka mguuni pa Kilimanjaro, ikakoma pale ambapo chuma kilianza kukataa.

Na mji ukazaliwa hapohapo. Karibu na stesheni zikaota bohari, maduka ya Wahindi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na baadaye viwanda vya kukoboa kahawa. Shughuli za serikali nazo zikashuka kutoka Old Moshi. Watu waliokuwa wakishuka kwenye joto kwa jembe na kurudi jioni wakaanza kushuka kwa mshahara na kubaki, pamoja na malaria iliyowangoja huko. Wakaja pia watu wasiokuwa na kihamba mlimani: Wapare, Wasambaa, Wanyamwezi waliokuwa kwenye mashamba ya mkonge, na wengine kutoka pwani na dini yao na Kiswahili chao. Ukiuliza kwa nini mji mkubwa wa Wachagga umekaa mahali ambapo Wachagga wa zamani hawakupenda kulala, sehemu kubwa ya jibu ni ule mshiko wa robo ya uzito.

Rau imekaa katikati ya mpango huo. Juu yake ni vihamba vya Uru na Old Moshi, jirani yake ni mji, na upande wa chini ni msitu wenye mivule na misoo unaonyweshwa na maji ya ardhini kutoka mlimani. Aliyetoka juu kwenda stesheni alipita maeneo haya, na kwa miongo mingi alipita kwa miguu. Jambo hili husahaulika kirahisi: reli iliondoa kilomita 350 za kubeba kichwani, ikaziacha 10 za mwisho kama zilivyokuwa. Na hizo 10 walizibeba zaidi wanawake.

Angalia paa la nyumba. Bati moja la futi 10 lina kilo sita hivi. Nyumba ndogo ya mabati 40 ni kilo 240, yaani wapagazi wanane hadi kumi kutoka Tanga, kila mmoja na posho ya siku 17, akijikata mabega na kitu kirefu kinachoshika upepo. Nani angeezeka hivyo? Treni ilipofika, mabati hayo yakawa kipembe cha behewa moja, na kutoka stesheni hadi Rau ni ndugu na majirani kubeba siku moja. Ndivyo nyumba ya nyasi ilivyoanza kupata mshindani, na ndivyo chumvi, sukari, mafuta ya taa na saruji vilivyoacha kuwa vitu vya wakubwa tu.

Kahawa ndiyo habari kubwa zaidi. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema walikuwa nayo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mtu anaweza kusema kahawa ni ghali kiasi cha kustahili kubebwa kichwani. Ni kweli kwa magunia machache. Lakini tani 1,000 za kahawa ni safari 33,000 za wapagazi, kila safari zaidi ya mwezi kwenda na kurudi. Watu hao wote wakiwa njiani, nani atapalilia, nani atachuma? Reli haikupunguza bei ya kusafirisha peke yake. Iliwarudisha vijana shambani. Mkulima naye alikuwa akifanya hesabu ileile kwa mikono yake: kilo sita hivi za kahawa mbivu hutoa kilo moja ya buni safi, kwa hiyo unamenya, unaosha na kuanika nyumbani, na maji yanabaki mlimani badala ya kulipiwa nauli.

Nisieleweke kwamba reli ilikuja kama zawadi. Ilijengwa ili koloni ilipe, kwa mashamba ya walowezi kwanza, na kodi ya kibanda iliyodaiwa kwa fedha iliwasukuma watu kwenda kufanya kazi humohumo relini na kwenye mkonge ili waipate fedha yenyewe. Kwenye vita vya 1914 reli ikawa silaha. Waingereza walivuta njia yao kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe ili majeshi yao yale na yapigane, na Machi 1916 wakaishika Moshi. Vita vikaacha kitu cha manufaa bila kukusudia: Moshi sasa ilikuwa na bandari mbili, Tanga na Mombasa. Walowezi hawakupenda kumwona Mwafrika akilima kahawa ya arabika kando yao, lakini mwaka 1925 wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikarithiwa na chama cha ushirika cha KNCU. Chama hicho kilikusanya mazao ya maelfu ya vihamba vidogo na kuyauza kama mzigo mmoja. Kwa mawazo yangu ushirika ule na reli haviwezi kutenganishwa. Behewa halipungui bei kwa mwenye gunia moja. Linampendelea mwenye tani 15. KNCU ndiyo iliyompa mwenye gunia moja behewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli ilisogezwa hadi Arusha, kilomita 86 tu, lakini kwa kupanda karibu mita 600. Huo ni wastani wa mita 7 kwa kilomita, mara tatu ya njia ya Tanga, na njiani mito kama Karanga, Weruweru na Kikafu yote ilidai madaraja.

Kilichoipiga reli hatimaye ni mpira. Tairi linapoteza nguvu zaidi ya gurudumu la chuma, tumekwishaona, lakini kwenye lami kavu linashika mara mbili au tatu zaidi. Lori linapanda hadi mlangoni pa ghala la kijiji, linapakia mara moja, linashusha mara moja, na zile kilomita 10 za kichwani zinakwisha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka ukafungwa na njia ya Voi ikakatika. Njia ya Tanga nayo ikachakaa kwa kukosa matunzo, maana faida ya chuma ipo tu ikiwa reli zimenyooka na mataruma yamekaza. Treni ya abiria ikaacha kuja Moshi kwa zaidi ya miaka 20.

Ilirudi Desemba 2019, kutoka Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikafika tena Arusha. Katika miaka ile ya ukimya watu walikuwa wamejenga kwenye hifadhi ya reli, wamepanda mboga, na njia ya treni imekuwa njia ya miguu. Kwa hiyo hesabu ya mwisho ni muhimu kwa yeyote anayeishi karibu nayo. Chuma kisichoshika wakati wa kupanda hakishiki wakati wa kusimama. Treni nzito ya mizigo iliyo kwenye kilomita 30 kwa saa ikifunga breki inaweza kuhitaji zaidi ya mita 100 ndipo isimame. Ikiwa kwenye 60, mwendo umeongezeka mara mbili lakini umbali unaongezeka mara nne: karibu nusu kilomita. Mvua ikinyesha, ongeza.

Wenye bodaboda, wenye mifugo, na wazazi ambao watoto wao hukatisha relini kwenda shule: dereva wa treni akikuona mbele yake hana usukani wa kukukwepea, na breki zake zimekwisha kuamuliwa na fizikia. Kwenye kivuko simameni, tazameni pande zote mbili, na mwendesha bodaboda azime redio kwanza asikilize.